Karakana ya Mtwapa: msimu wangu wa Nice umeanzia hapa

Kwa yeyote wa Pwani mwenye baiskeli ya mbio, na hasa wenzangu wa triathloni (kuogelea, baiskeli, kisha kukimbia) mnaowinda nafasi ya mashindano ya dunia, nalisema hili mwanzoni kabisa: kabla hamjanunua magurudumu ya kaboni, kofia ya bei kubwa au saa mpya, pelekeni baiskeli zenu Mtwapa. Karakana yenyewe ina mlango mmoja tu, nyuma ya soko, na haina kibao. Fundi ameniomba nisiandike jina lake mtandaoni, lakini hakunikataza kuwaelekeza watu. Shukeni steji ya Mtwapa, mwulizeni dereva wa tuktuk alipo fundi wa baiskeli za mbio. Mtafikishwa.

Mimi ni mteja wake tangu enzi za baiskeli yangu ya kwanza, ile ya chuma niliyoinunua ya mtumba Kongowea. Mwaka nenda mwaka rudi amenifanyia kazi nzuri nami nikalipa nikaondoka. Kazi aliyonifanyia Januari hii ndiyo iliyonikalisha chini niandike, kwa sababu safari hii baiskeli haikuwa ya kwenda Kilifi na kurudi. Ilikuwa ya kwenda kwenye mashindano ya dunia, huko Nice, Ufaransa.

Novemba iliyopita nilikuwa Mossel Bay, Afrika Kusini, kwenye mbio za nusu ya Ironman: kuogelea kilomita 1.9, baiskeli kilomita 90, kukimbia kilomita 21.1. Nikamaliza wa nne katika wanawake wa miaka 45 hadi 49. Zamani mtu wa nne alikuwa akihesabu nafasi za mashindano ya dunia zilizotengewa kundi lake peke yake. Zikiwa moja au mbili, kazi yake ni kukaa akiomba walio mbele yake wakatae. Kwa utaratibu wa msimu wa 2026, mshindi wa kila kundi la umri anapewa nafasi moja kwa moja, akiikataa inashuka kwa wa pili, kisha kwa wa tatu. Zinazobaki zinatiwa kapu moja, vijana kwa wazee, na muda wa kila mtu unarekebishwa kulingana na umri na jinsia yake ndipo watu wapangwe kwa mstari mmoja. Kwa maana hiyo mama wa miaka 47 aliyekimbia vizuri anaweza kumpita kijana wa miaka 30 aliyefika kwenye utepe mapema kuliko yeye. Wako wanaolalamika. Mimi naona ni haki, na ningeona hivyo hata kama jina langu lisingeitwa.

Liliitwa. Sharti uwepo wewe mwenyewe ukumbini zinakogawiwa nafasi. Jina likitajwa unaitika, unakwenda mezani, unalipa ada papo hapo, na ukizembea linatajwa la mwingine. Nilikuwa nimekaa na wenzangu wa Nairobi, miguu imekakamaa, mkoba mapajani na kadi ya benki mkononi tayari, maana mume wangu alinipigia simu kunikumbusha kadi kabla hata ya kunipa pole ya mbio. Mtangazaji alilitamka jina langu kwa taabu, nusu yake ikapotea, lakini nilijua ni mimi. Nikapiga vigelegele kama niko harusini Mji wa Kale, ukumbi mzima ukageuka. Kuna Mzungu mmoja, bibi mwenye umri wa mamangu, ambaye naye alikuwa amekwisha kuchukua nafasi yake. Alikuja akanishika mikono yote miwili akasema tutaonana Nice. Niliporudi hotelini nikaiweka ile karatasi ya uthibitisho ndani ya pasipoti, na kila nilipoamka usiku nilifungua kuitazama.

Tangu hapo nyumba yetu ya Bamburi ina kalenda moja tu, nayo iko ubavuni mwa friji: juu nimeandika mazoezi, chini majira ya maji kujaa. Wanaoogelea pwani wananielewa. Ukiwa na bamvua, maji yakipwa asubuhi utatembea juu ya majani ya bahari hadi karibu na mwamba kabla hujapata kina cha kupiga mkono, kwa hiyo ratiba yangu ya kuogelea haiamuliwi na kocha, inaamuliwa na mwezi. Na hivi kaskazi ndiyo inayovuma, baiskeli ya kwenda Kilifi inapigwa upepo wa uso, ya kurudi unasukumwa hadi daraja la Mtwapa. Kusi ikiingia itakuwa kinyume. Naipenda mno sehemu hii ya mwaka, mwili umepumzika, hakuna kilichoharibika bado, na kila alfajiri ninapotoka nje najua naiandalia mbio iliyo na tarehe na mahali.

Mahali penyewe ni Nice, kusini mwa Ufaransa, Septemba 2026. Si pageni kwa mashindano haya. Yalifanyika huko Septemba 2019, wanawake akashinda Daniela Ryf wa Uswisi, wanaume akashinda Gustav Iden wa Norwei, kijana wa miaka 23 wakati huo. Iden alishinda juu ya baiskeli ya kawaida ya barabarani, si zile za kulalia usukani zilizotengenezwa kwa ajili ya tambarare, kwa kuwa njia ya mwaka ule ilipanda hadi Col de Vence, takriban mita 960 juu ya usawa wa bahari, kisha ikateremka kwa kona moja baada ya nyingine kurudi mjini. Wanaojua triathloni wanaikumbuka siku hiyo. Mimi niliikumbuka nikiwa nimesimama mlangoni pa karakana ya Mtwapa na baiskeli iliyotengenezwa kwa barabara ya Malindi, ambako mlima ni neno la kwenye ramani.

Nilimweleza fundi yote hayo. Hakuniuliza bajeti. Aliniuliza mambo matatu: mlima una urefu gani, mteremko una kona ngapi, na huwa najishikia wapi kwenye usukani ninapoogopa. Kisha akaitundika baiskeli kwenye stendi, akawasha taa, akanyamaza kwa muda mrefu.

Baiskeli ilirudi kutoka Afrika Kusini ndani ya sanduku lililobonyea upande mmoja, na tangu hapo gia za nyuma zilikuwa zinarukaruka. Fundi mwingine wa kisiwani, nisimtaje, alikuwa amekaza waya, zikarukaruka, akakaza tena. Huyu wa Mtwapa waya hakuugusa. Alikifungua kile kihamisha gia cha nyuma, akakiacha kining'inie kwenye mnyororo, na mahali pake akaparafuja fimbo ya chuma yenye mkono mrefu wa kupimia. Akauleta mkono ule hadi kwenye rimu, kando ya vali. Akatazama uwazi. Akalizungusha gurudumu hadi vali ikawa chini, akauleta mkono tena pale pale kwenye vali, akatazama. Halafu mbele, halafu nyuma. Kila mara kwenye vali ile ile, ili kama rimu yenyewe imepinda isimdanganye. Juu, kidole kilipita kati ya ncha na rimu. Chini, ukucha haukupita.

"Waya hauna kosa, dadangu," akaniambia. "Sikio limepinda."

Sikio ni kile kipande kidogo cha alumini kinachokishikilia kihamisha gia kwenye fremu. Kimetengenezwa kuwa laini makusudi, kipigwe kipinde chenyewe, fremu ipone. Akalivuta lile kwa ule mkono wa fimbo, taratibu, akipima na kuvuta, kupima na kuvuta, mpaka uwazi ukawa sawa pande zote nne. Akarudisha kila kitu, akageuza pedali kwa mkono, na gia zikashuka na kupanda zote bila kelele. Kisha akaniambia niagize sikio jipya la aina ileile na niliweke ndani ya sanduku la safari, kwa kuwa alumini iliyokwisha kunyooshwa haiaminiki mara ya pili. Tayari lipo. Liko kwenye kile kimfuko cha dawa zangu, ambacho sisafiri bila nacho.

Kazi hiyo peke yake ingetosha kunifanya niridhike. Lakini akaanza kuuvua usukani utepe wake, jambo ambalo sikuwa nimemwagiza. Utepe ulikuwa mzuri tu kwa macho. Chini yake, pale zinaposhikwa zile fimbo za kulalia, alumini ilikuwa imefanya unga mweupe, na unga ulipofutwa kwa kitambaa vikabaki vishimo vya kuweza kuingiza ncha ya kalamu. Jasho na hewa ya chumvi. Jasho linanaswa chini ya utepe, linakaa humo miezi, linakula. Mwanagenzi wake, kijana wa kaka yake, alisogeza taa karibu.

"Ami, huu si umekwisha?"

"Umekwisha."

Nikauliza kama ungefaa walau mpaka Machi. Akaniambia kwa adabu lakini bila kuzungukazunguka: utepe mpya atanifungia juu ya usukani mpya, nikitaka ufungwe juu ya huu, nitafute fundi mwingine. Hapo ndipo nilipomwelewa kwa nini aliniuliza najishikia wapi ninapoogopa. Kwenye mteremko uzito wote wa mtu unaenda mikononi, na mikono inaenda kwenye usukani. Fikiria uvunjike pale, kwenye kona, na jabali upande mmoja. Usukani mpya wa alumini ukaagizwa Nairobi, ukashuka na basi la usiku, shilingi 7,000. Alipoufunga alitumia spana ya kipimo, nyutoni mita 5 kwa kila parafujo, akizikaza kwa kupishanisha, na akanifanya niisikie mwenyewe inavyolia inapofika. Nawaambia wenzangu mnaoendesha kando ya bahari, na nyinyi mnaofanya mazoezi ndani ya nyumba juu ya mashine mkichuruzika jasho: vueni utepe mtazame. Leo.

Kuhusu gia, alizihesabu meno kwa kidole ingawa namba imeandikwa. Nyuma nilikuwa na 11 hadi 28, zinazonitosha kabisa Pwani. Alitaka 34, gia nyepesi ya kupandia mlima. Tatizo ni kwamba kihamisha gia changu ni cha mkono mfupi, kinaishia meno 30, kwa hiyo ilibidi kibadilishwe nacho kwa cha mkono mrefu. Hapo gharama ilipanda na nilisita. Akachukua chaki akaandika sakafuni: mbele 34, nyuma 34, pedali ikizunguka mara moja na gurudumu linazunguka mara moja. Akasema mlima wa dakika tano unaweza kuupanda kwa hasira, mlima wa saa nzima unaupanda kwa kuhesabu, na baada yake bado una nusu marathoni ya kukimbia kwa miguu hiyohiyo. Nikalipa.

Breki zangu ni za kubana rimu, si za diski, na wapo walioniambia niuze baiskeli nzima kwa sababu hiyo. Yeye hakusema hivyo. Alizitoa pedi za zamani akazishika mwangani, akachukua sindano ya kushonea, akaanza kuchokoa. Vilitoka vipande vya mchanga na vijipande ving'aavyo vya alumini, ambavyo ndivyo vinavyoila rimu kila ukikamata breki, na ndivyo vinavyotoa ile sauti ya kukwaruza tunayoizoea. Barabara ya Mtwapa kwenda Kilifi tangu ianze kupanuliwa ina vumbi la kutosha kujaza pedi za mji mzima. Akaweka mpya, akaisafisha rimu kwa spiriti, na akanipa sindano niende nayo nyumbani. Kila Jumapili jioni nachokoa.

Nilikwenda kuijaribu Kwale. Kwa tunaokaa upande wa kaskazini huo ndio mlima wetu: unavuka Likoni kwa feri alfajiri pamoja na wauza mboga, unapita Ng'ombeni hadi Kombani, unakata kulia, na barabara inaanza kupanda kuelekea Kwale mjini na Shimba Hills. Miaka yote nimeupanda nikiwa nimesimama juu ya pedali, naning'inia, pumzi juu juu. Mara hii nilikaa kitini toka chini hadi juu. Moyo ulitulia, magoti hayakulalamika, na nilipofika juu nilikuwa na nguvu ya kugeuka na kuupanda tena. Nikaupanda tena. Kwenye kuteremka nilikamata breki mbele ya kona ya kwanza nikaisikia baiskeli inatii, kimya, bila kutetemeka. Nilicheka peke yangu njia nzima hadi Kombani. Vence ni ndefu kuliko Kwale, nalijua hilo, lakini sasa nina chombo cha kujifunzia.

Sasa yasiyopendeza, maana haya ni maoni ya mteja na yanapaswa kuwa kamili. Fundi huyu ni mpole wa muda. Akisema Jumanne, jipangeni Ijumaa, na Ijumaa yenyewe karakana inafungwa kabla ya sala hadi saa tisa. Simu hashiki akiwa kazini. Tumeni ujumbe, atajibu usiku. Vipuri hana akiba, karibu kila kitu kinaagizwa Nairobi na mnalipia kwanza, kwa M-Pesa, kadi hapokei. Gia za umeme hazigusi, na breki za mafuta anazifanya zile za aina anazozijua tu. Akikwambia hajui, mwamini, usimshurutishe. Hakuna pa kukaa isipokuwa ndoo iliyopinduliwa.

Na kitu kimoja ambacho simpi alama za juu: kupima mkao wa mtu juu ya baiskeli. Anatumia timazi kutoka kwenye goti hadi kwenye pedali, na jicho lake, na kwa mtu wa kawaida inatosha. Kwa anayekusudia kulalia usukani kilomita 90 haitoshi. Mkao wangu nilipimiwa Nairobi kwa kamera, nikamletea vipimo kwenye karatasi, naye akavifuata hadi milimita. Fanyeni hivyo hivyo.

Kwa usafi kamili, yaani kufungua kila kitu, kuosha, kuweka grisi na gololi mpya panapohitajika, kunyoosha sikio, kusawazisha magurudumu na kuuchemshia mnyororo nta badala ya kuupaka mafuta, alinitoza shilingi 6,500, vipuri mbali. Nimewahi kulipa zaidi ya hapo kwa kazi iliyochukua adhuhuri moja na kuniacha na mlio uleule. Nta, kwa wasioijua, haishiki mchanga kama mafuta yanavyoushika, na kwa barabara zetu hilo tu linatosha kuwa sababu. Ila mvua ya masika ikiunyeshea mnyororo, itabidi urudiwe.

Halafu kuna huduma ambayo hata hakuitoza. Alinisimamisha pembeni ya stendi akanifundisha kuifungasha. Kwanza utepe wa rangi kwenye nguzo ya kiti, uonyeshe urefu kabla hujaishusha. Kihamisha gia kifunguliwe, kifungwe kwa sponji, kiingizwe ndani ya pembe ya fremu, lile sikio lisibaki limejitokeza peke yake. Kipande cha mbao kati ya mikono ya uma wa mbele, ili sanduku likikaliwa na mzigo usibanwe. Pedali zitolewe, na ya kushoto inafunguka kinyume. Alinifanya nifungue na kufunga kila kitu mwenyewe huku yeye amekunja mikono, kwa kuwa Nice hatakuwepo. Mwanagenzi alinirekodi kwa simu yangu, na video hiyo ninayo. Mwanamke wa kwetu akipata nafasi kama yangu akaitaka, nitamtumia.

Kuhusu wanawake, neno la pembeni. Kwenye maduka kadhaa nimezoea swali langu kujibiwa mume wangu, ambaye hata hajui kubadilisha tyubu. Mtwapa ninajibiwa mimi. Ninapewa spana mkononi. Fundi ananiita dadangu, kijana wake ananiita anti, na wote wawili tangu wapate habari ya Nice wananiuliza mazoezi yamefikia wapi kabla ya kuniuliza baiskeli ina nini. Kijana amejifunza majina ya washindi wa 2019 na ameuliza kama kuna njia yeye naye aanze. Tumeanza na kuogelea, maji yakijaa.

Nendeni asubuhi, katikati ya wiki. Iosheni baiskeli kwanza, hapendi kupokea tope. Pelekeni na karatasi ya mbio mnayokwenda: urefu, milima, hali ya hewa, maana hayo ndiyo atakayouliza. Yangu inarudi kwake mwanzoni mwa Agosti kwa waya mpya, matairi mapya na mnyororo mpya, kisha inaingia sandukuni. Wenye mbio Agosti na Septemba, wekeni siku zenu sasa. Stendi iko moja tu.